Masurufu ya Mwezi

Mtu wa Mbalizi aazimiaye kununua masurufu ya nyumba yake hukabiliwa na njia mbili: kupanda daladala mpaka Mbeya mjini, kwenye maduka makubwa ambamo kila bidhaa imebandikwa bei, au kubaki sokoni hapa, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, ambako mchele wa Kyela, maharage ya Mbozi na viazi vya Uporoto hufika bila kupitia mikono mingi.

Kwa nafaka, sokoni ndiko kwenye nafuu, wala sina shaka. Lakini mafuta, sabuni na sukari vyataka hesabu nyingine, kwa kuwa anunuaye mafuta kwa kipimo kidogo kila jioni hulipa, mwezi ukiisha, zaidi ya aliyechukua dumu la lita 5 kwa mara moja; na hili ndilo liniumizalo moyo, kwamba mwenye pato la siku kwa siku, aliye mhitaji zaidi wa unafuu huo, ndiye asiyeufikia, ila aungane na majirani wawili watatu, wanunue kwa jumla na kugawana.

Tena maduka makubwa hayana dhamana ya kudumu: mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliwauzia Nakumatt wa Kenya maduka yake ya Tanzania, na mwaka uliofuata kampuni ya Uchumi nayo ikafunga milango nchini.

Basi anayekwenda mjini na aihesabu nauli ndani ya bei. Na abakiye sokoni aulize bei kwa kilo, maana debe hujazwa kwa mkono wa muuzaji.