Ukuta Usimsahau Mtu



Tumeombwa tuseme machache juu ya picha za ukutani. Kuna vijana wanaotaka kuchora barabara kuu ya mji wao jinsi ilivyokuwa zamani: maduka, soko, watu wake. Wazo ni zuri. Lakini kabla hamjanunua rangi, sikilizeni habari za Chemainus, mji mdogo wa Kanada.

Mji huo uko kwenye Kisiwa cha Vancouver, magharibi mwa nchi hiyo. Kazi ya kupasua mbao ilianza pale mwaka wa 1862, na ndiyo iliyolisha watu. Mwaka wa 1983 kiwanda kikafungwa. Kingine kidogo kikafunguliwa mwaka wa 1985, lakini hakikuweza kuwarudisha wafanyakazi wote.

Basi mji ukafa? Hapana. Tangu mwaka wa 1982 walikuwa wameanza kuchora historia yao kwenye kuta za maduka, picha tano kwanza. Aliyewahimiza ni Karl Schutz, mfanyabiashara aliyehamia huko kutoka Ujerumani, ambaye aliwahi kuona kuta zilizochorwa za monasteri za Romania. Leo picha zimepita 40. Wageni huja kuziangalia, wakala, wakalala, wakanunua vitu.

Sasa, tunalotaka mshike ni hili: hawakuchora wakubwa peke yao. Wamo wenyeji wa asili, waliokuwapo kabla ya kiwanda. Limo duka la Mchina, Hong Hing, kando ya bahari. Yumo pia Shige Yoshida, kijana wa Kijapani aliyekataliwa na skauti kwa sababu ya kabila lake, akaunda kikosi chake mwenyewe. Mwaka wa 1942, wakati wa vita, serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wa asili ya Kijapani wapatao 22,000 kutoka pwani hiyo, mali zao zikauzwa. Hawakuruhusiwa kurudi hadi 1949. Nyumba zilikwenda, lakini ukuta unawakumbuka.

Hata sisi, barabara zetu kuu zilijengwa na wengi: fundi cherehani, mama wa mboga, mpagazi, Mhindi wa duka, na aliyefukuzwa akaacha ploti. Mkichora wenye majina tu, wengine watapita pale waone kwamba mji si wao. Hiyo siyo historia, ni matusi kwa rangi nzuri.

Kwa hiyo tunawashauri hivi. Kwanza, kaeni na wazee, wanaume kwa wanawake, muulize kila duka lilikuwa la nani na nani alifagia mbele yake. Pili, mpate ruhusa ya mwenye ukuta kwa maandishi. Tatu, mkubaliane mapema nani atapaka tena rangi ikichujuka, maana jua na mvua havina huruma.

Halafu mwiteni yule bibi anayeuza pale pembeni tangu zamani, aangalie mchoro kwenye karatasi. Akiuliza, "Na mimi niko wapi?", muwe na jibu.