FUNZA KWA KUKU, DAGAA KWA WATOTO

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa serikali, Kilwa Masoko)



Kila aliyepita Kilwa Kivinje amewaona dagaa wakianikwa. Hicho ndicho kitoweo cha mnyonge. Lakini dagaa hao hao husagwa wakawa chakula cha kuku, na gunia la mfugaji hushindana na kikapu cha mama sokoni. Katika mashindano hayo anayeshindwa ni mtoto.

Je, hatuna njia nyingine? Tunayo, na wazee wetu waliijua. Mtoto wa kijijini huvunja kichuguu akawapa vifaranga mchwa. Mvua zikianza, kuku hushiba kumbikumbi. Kasoro yake ni kwamba kumbikumbi wana msimu, na kichuguu huisha.

Leo wataalamu wametuonyesha mdudu anayefugika: nzi askari mweusi. Jike hutaga mamia ya mayai. Funza wake hula mabaki ya vyakula, na kwa muda wa wiki mbili hivi huwa tayari kuvunwa. Wakikaushwa, kiasi cha asilimia 40 ya uzito wao ni protini, ambayo ni haba katika pumba za mahindi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimelifanyia kazi jambo hili. Na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha kuku.

Chakula cha funza tunacho: mabibo yaozayo chini ya mikorosho, matumbo ya samaki, machicha ya nazi. Yabakiayo baada ya mavuno ni mbolea ya bustani. Ila tuwe waangalifu. Taka zenye betri au plastiki zisiguswe, maana funza huweza kulimbikiza sumu ya madini mwilini, ikamfikia kuku na mlaji.

Ndugu Walimu, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe pia shamba. Basi tuanze na pipa moja na kuku kumi. Wanafunzi wapime chakula, wahesabu mayai, waandike gharama. Hesabu zikionyesha kuwa funza ni ghali kuliko dagaa, tuseme hivyo hadharani. Zikionyesha unafuu, Maofisa Mifugo wasiziache kabatini, wazipeleke vijijini.