Jani Moja Latosha



Zamiokulkasi, ua la majani linalopamba sebule na ofisi nyingi Ulaya na Marekani, si geni kwetu. Asili yake ni Afrika, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuliotesha kwa wingi kibiashara mnamo mwaka 1996.

Tutalitambuaje? Vijani vyake ni vinene, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, navyo hupangika pande mbili za kikonyo kilichonenepa chini. Ardhini lina kiazi kinachotunza maji. Ndiyo maana hustahimili ukame na kivuli.

Tunavisihi vikundi vyetu visiling'oe porini. Kijani kimoja chatosha. Kichume kizima, kiache siku moja kidonda kikauke, kisha chomeka upande wa chini katika mchanga uliochanganywa na mboji. Weka kivulini. Mwagilia udongo ukikauka tu, maana maji mengi huozesha. Kiazi kidogo hutangulia. Chipukizi hufuata baada ya miezi mingi. Mwenye haraka agawanye viazi vya shina kubwa la nyumbani.

Utomvu wake huwasha ngozi na mdomo. Tunawe mikono, na watoto wasilitafune.

Wafadhili wetu, hapa hatuombi mashine. Tunaomba mtuwezeshe kupata vyungu na banda la kivuli, na mtuvumilie kabla ya mauzo ya kwanza. Anayeng'oa porini huuza mara moja. Anayeotesha huuza kila mwaka, na msitu hubaki.