Kiingereza cha Igunga, Darasani na Mtandaoni

Mtoto wa Igunga, mkoani Tabora, husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia na jiografia zinakuja kwa Kiingereza, na nyumbani huenda lugha ni Kisukuma au Kinyamwezi. Wengi hunyamaza.

Masomo ya mseto, yaani darasa pamoja na mtandao, yanaweza kuwafungua midomo. Machi 2020, korona ilipofunga shule, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Shule Direct, jukwaa la Kitanzania lililoanza 2013, lilikwishaweka notsi na maswali ya sekondari. Lakini manufaa makubwa yamo kwenye kuondoa aibu: kijana husikiliza matamshi hata mara kumi bila kuchekwa, kisha anaingia darasani ana la kusema. Mwalimu naye hamalizi kipindi akinakili notsi ubaoni.

Bando la intaneti, hata hivyo, hununuliwa. Na simu, chombo chenyewe, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nayo shuleni! Kwa sasa njia nafuu ni somo lililopakuliwa mapema kwenye kompyuta chache za shule, na nusu ya kipindi iachiwe mazungumzo.