Damu ya Mtoto na Degedege
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Ilembula)



Tumetakiwa kujibu swali ambalo wanachama wenye watoto wadogo wameliuliza mara nyingi: je, damu ya mtoto mwenye homa yaweza kupimwa, ikatuambia mapema kwamba atapatwa na degedege? Jibu letu ni kwamba haijaweza bado. Yatupasa kueleza sababu, maana wapo wazazi walio tayari kulipa fedha nyingi kwa kipimo cha namna hiyo.

Degedege tunayoinena ni ile impatayo mtoto wa miezi 6 hata miaka 5 kwa ajili ya homa. Mwili hukakamaa na kutikisika, macho hugeuka, na mara nyingi hukoma yenyewe kabla ya dakika 5 kupita. Katika Ulaya na Marekani huwapata watoto 2 hata 5 katika kila 100. Ikiwa ni fupi na mtoto akaamka vyema, kwa kawaida haiachi dhara katika ubongo. Lakini kuitazama kwatisha, wala hatumlaumu mama apigaye kelele.

Wataalamu wameitafuta alama yake katika damu kwa njia nyingi. Wengine wamepima madini ya chuma, wengine chumvi iitwayo sodiamu, wengine wamehesabu chembe nyeupe za namna mbili na kuzilinganisha. Watoto waliopungukiwa na chuma, katika hesabu zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali, walionekana kupatwa zaidi. Walakini watafiti wa Kilifi, Kenya, waliotangaza habari hizo mwaka 2010, hawakuiona tofauti hiyo katika watoto wao wenyewe. Na chembe nyeupe huongezeka kwa homa nyingi, tena huweza kuongezeka kwa sababu ya degedege yenyewe. Damu ikitolewa baada ya mtoto kutikisika, ni kama kuwahesabu watu waliokusanyika penye nyumba iliyoungua, kisha kusema hao ndio waliotia moto.

Sisi tulio makarani na tuipige hesabu. Tuseme watoto ni 1,000, na 40 kati yao watapatwa. Tuseme tena kipimo ni kizuri, chasema kweli mara 80 katika 100. Kitawaonyesha 32 katika wale 40. Lakini katika wale 960 wasio na neno kitawatia hofuni 192 bure. Wazazi 224 watarudi nyumbani na hofu, na wenye haki ya kuogopa ni 32 tu.

Na hao tutawafanyia nini? Hapa ndipo penye hatari. Huko huko Kilifi, watoto 340 waliozimia kwa malaria iliyopanda kichwani waligawanywa sawasawa. Nusu wakapewa dawa ya fenobarbitali ili degedege isiwajie, nusu hawakupewa. Habari zilitangazwa mwaka 2000. Degedege ilipungua kweli kwa waliopewa dawa, bali waliokufa kati yao walikuwa 30, na kati ya wenzao 14. Ugonjwa wao ulikuwa mzito kuliko homa ya kawaida, illa habari hiyo yatosha kumzuia mzazi asinunue dawa ya usingizi dukani kwa kukisia.

Damu ina kazi nyingine iliyo bora. Matone machache yatoka kidoleni, nayo huonyesha kama mtoto ana malaria, kama sukari imeshuka, na kama damu imepungua. Mambo hayo matatu huua, na yote matatu yana dawa. Hapa mkoani Njombe malaria ni haba kuliko pwani, kwa sababu ya baridi ya milima. Kwa hiyo mtoto wa hapa hana kinga nyingi. Nasi watumishi twahamishwa, na watoto huenda likizo Kyela au Dar es Salaam, hurudi, na homa huzuka baada ya siku kadhaa. Tena kipimo kikisema hakuna malaria, kazi haijaisha: tabibu huenda akataka maji ya uti wa mgongo, apate kujua kama ni homa ya uti wa mgongo. Msimkatalie.

Watafiti walioandika juu ya Bagamoyo mwaka 1996 walikuta watoto wa degedege wakifukizwa kinyesi cha tembo au kukojolewa. Wapo pia, katika sehemu nyingi za nchi, wasemao kwamba sindano humwua mtoto wa degedege. Sindano haimwui, aghalabu huchomwa mtoto aliyekwisha kucheleweshwa, na lawama huiangukia.

Basi mtoto akishikwa, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala maji kinywani, na mtu mmoja atazame saa. Zikipita dakika 5, au asipozinduka, au akirudiwa siku ile ile, apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku. Hata ile iliyokoma upesi, mtoto apelekwe apimwe. Aliyepatwa mara moja aweza kurudiwa. Hurudiwa kama mmoja katika kila watatu, zaidi akiwa mchanga sana au kama mzazi wake alikuwa nayo utotoni. Hilo hujulikana kwa kuuliza tu. Kwa hiyo mwandikieni tabibu katika kipande cha karatasi: homa ilianza lini, degedege ilidumu dakika ngapi, nani katika ukoo aliwahi kupatwa, na mwezi uliopita mtoto alilala wapi.