Wasia wa Mwili



Katika jubilei hii twawakumbuka waliotutangulia. Nami nitasema habari za mmoja wao, mzee wa hapa Msowero, maana nina deni kwake.

Siku moja tulipokuwa tukipumzika shambani, aliniambia: “Mwalimu, nikizidiwa, nipelekeni hospitali mara moja. Lakini madaktari wakisema hawana la kufanya tena, nirudisheni nyumbani, wala msiuze shamba hili kwa safari zisizo na faida. Watoto watakula nini?” Nikaitikia, nikaenda zangu. Sikuandika neno, wala sikuita shahidi.

Hata alipopooza, ulimi wake ukafungwa. Mkewe akataka arudishwe nyumbani. Wanawe wakataka apelekwe mbali zaidi. Ndugu wa upande wa mama yake wakasema, “Huyu ni wetu, neno ni letu.” Nami niliposimulia niliyoyasikia, wakaniuliza, “Hati iko wapi, Mwalimu?” Nikanyamaza. Shamba likauzwa, naye akafa njiani. Hata leo jamaa zake hawasemezani.

Ndugu zangu, kwetu Wakaguru na Wasagara ukoo tangu kale huhesabiwa kwa mama. Basi mgonjwa asiyeweza kusema huwa na wasemaji wengi: mke, wana, na wajomba. Wala si waovu. Kila mmoja ampenda. Wasia wa mali twaujua, wasia wa mwili hatuujui. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na neno la mtu ni vivyo hivyo.

Wako wanaohofu kwamba kukataa tiba ni kujiua. Papa Pius XII, tarehe 24 Novemba 1957, aliwaeleza madaktari kwamba mtu amefungwa kutumia njia za kawaida za kutunza uhai, bali hafungwi kutumia njia zipitazo kawaida, zilizo mzigo mzito kwake au kwa wengine. Tena, kuacha tiba nzito si kumwacha mgonjwa. Katika Uganda, tangu mwaka 1993, shirika la Hospice Africa huwapa wagonjwa wa saratani morfini ya kunywa, hata majumbani mwao, wapate kutulizwa maumivu.

Basi, fanya hivi ungali mzima. Keti na mwenzi wako, na wanao, na mmoja wa upande wa mama yako. Andika ni nani atakayesema usipoweza kusema. Upelekwe wapi, na mwisho wapi. Tiba gani waitaka, na ipi huitaki. Mali gani isiguswe. Na padre aitwe lini. Tia sahihi, nao mashahidi wawili watie, mmoja wa kila upande. Nakala moja ikae nyumbani, ya pili kwa msemaji wako, naye amwonyeshe daktari. Ukibadili nia, andika upya. Hati hii haimwamuru daktari. Yampa kuisikia sauti yako, ulimi ukiisha kufungwa.

Asiyejua kuandika, sisi walimu tumwandikie, kisha tumsomee mbele ya jamaa zake.

Mimi nimekwisha kuandika yangu. Imo sandukuni mwa mke wangu, na mjomba wangu ametia sahihi. Kwa mzee yule nilichelewa. Kwenu ninyi sijachelewa.

Mungu awabariki.