Majina Yasiyokuwamo Katika Daftari

(Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7)



Nazungumza nanyi kutoka Port Reitz, upande wa bara wa Mombasa, pale hori la bahari linapoingia ndani kwenda kuyapokea maji ya mto Mwache. Wageni hupajua kwa sababu ya hospitali, au kwa kuwa uwanja wa ndege upo karibu. Sisi wenyeji twapajua kwa mteremko wake. Juu kuna barabara, maduka na makanisa. Chini, kuelekea mikoko, kuna nyumba za watu wa kipato kidogo, na mvua kubwa ikinyesha kila kitu cha juu hushuka kwao.

Mvua za namna hiyo tumeziona. Mwaka 1997 nilikuwa kijana wa shule, na mpaka leo wazee wakitaka kukumbuka mwaka fulani husema ulikuwa kabla ya El Nino au baada yake. Mwaka 2006 zikaja tena. Kisha ikaja vuli ya mwaka 2023. Wenye elimu ya hali ya hewa wanatueleza kwamba miaka hiyo yote bahari kubwa ya Pasifiki ilipata joto kuliko kawaida, na bahari yetu hii ya Hindi nayo ikapata joto upande wetu wa Afrika, mawingu yakajaa maji. Katika Kenya yetu watu zaidi ya 150 walikufa katika mafuriko ya vuli ile, na wenzetu wa Garissa na Mto Tana walihama kwa maelfu. Mwanzoni mwa Desemba mwaka ule ule tope lilishuka kutoka Mlima Hanang huko Tanzania, likaufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vyake, wakafa watu zaidi ya 80.

Kwetu sisi msiba haukuwa mkubwa kama huo, namshukuru Mungu. Lakini kuta za udongo zilianguka, vyoo vya shimo vilijaa vikafurika, na asubuhi moja mwezi wa Novemba tuliamka tukakuta vyombo vya watu vikielea: sufuria, viti, madaftari ya watoto, hata godoro moja likiwa limenasa katika mikoko kama mtu aliyelala. Majirani waliokoana wenyewe usiku ule. Hakuna aliyengoja kamati. Vijana walibeba vikongwe migongoni, na wala hakuna aliyeulizwa dini yake.

Taabu yetu ilianza siku ya tatu, misaada ilipofika.

Ndugu msikilizaji, usinielewe vibaya. Watu walitoa kwa moyo mweupe. Kanisa letu lilikusanya unga, maharagwe na nguo. Msikiti nao ulikusanya. Wafanyabiashara walileta blanketi, na kila gari lilisimama pale pale juu barabarani, kwa kuwa chini hakupitiki kwa tope. Basi aliyekuwa na miguu ya kukimbia alipata, na aliyekaa karibu na barabara alipata mara mbili. Kila kundi lilikuwa na daftari lake, na kila kundi liliamini kwamba daftari lake ndilo la kweli. Mimi pia nilikuwa na langu. Nililiandika kwa mkono wangu, nikalifunga sandukuni, na nilipoombwa na mzee wa mtaa anione nalo, nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya kanisa.

Siku ya sita nilimkuta mama mmoja sokoni akiuza blanketi. Namfahamu mama huyu. Alikuwa akikaanga mahamri alfajiri na kuwauzia wafanyakazi wanaokwenda bandarini. Nilikasirika. Nilimwambia mbele ya watu, "Mama, watu wanalala kwenye baridi, nawe unauza msaada?" Aliniangalia bila kupandisha sauti. Akasema, "Mchungaji, blanketi nimepewa tatu. Wanangu ni wawili. Karai langu na jiko langu vimekwenda na maji, na unga wenu ukiisha sina cha kuwalisha. Wewe ungeuza nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda zangu, na sikumwomba radhi siku ile.

Jioni yake mzee wa mtaa alikuja tena, safari hii pamoja na imamu. Tukaketi barazani kwangu, tukayaweka madaftari matatu mezani, lake, la msikiti na langu, tukasoma jina kwa jina. Majina mengi yalikuwa yale yale. Halafu imamu akauliza, "Na wale wa uchochoro wa mwisho, kule chini kabisa?" Nilidhani wamo katika daftari la msikiti. Yeye alidhani wamo katika la kanisa. Mzee wa mtaa alidhani tumewaandika sisi sote wawili. Hawakuwamo popote. Ni wapangaji, watu waliokuja kutafuta kibarua, wengine wa bara, wengine wavuvi. Hawana mzee wa ukoo hapa wala kiti kanisani. Siku sita walikuwa wakila walichopewa na majirani, ambao nao walikuwa wamepoteza vyao.

Ndipo nikafungua Matendo ya Mitume, mlango wa sita. Nimeuhubiri mlango huo mara nyingi, hata mtihani nimefanyia. Tulipokuwa chuo cha theolojia tuliandika insha ndefu juu ya mashemasi, asili yao na daraja lao, wala hakuna aliyetufundisha namna ya kuhesabu magodoro.

Twasoma kwamba kanisa la Yerusalemu lilikuwa likigawa chakula kila siku, na kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Angalia vema: haikusemwa kwamba mitume walikuwa wezi. Haikusemwa kwamba walichukia wale wajane. Walisahauliwa tu. Walikuwa wageni wa lugha, na pengine walikuja Yerusalemu wazeeni, mbali na jamaa zao. Mgawaji alipotazama umati, macho yake yalitua juu ya nyuso alizozizoea. Ndivyo macho yalivyo. Yangu yalitua juu ya washarika wangu.

Kisha watu wakanung'unika. Hapo mimi ningewaambia wawe na shukrani. Nasikia wachungaji wengi wakisema hivyo, kwamba watu siku hizi hawaridhiki. Mitume hawakusema hivyo. Waliyachukua manung'uniko kama habari. Wala hawakuugawa mfuko mara mbili, Waebrania huku na Wayunani kule, ingawa ndiyo njia rahisi ya kunyamazisha ugomvi. Waliwaita wote, wakasema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Na sasa soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Na Nikolao hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Kanisa liliweka meza mikononi mwa watu wa upande ule ule uliokuwa ukisahauliwa. Nao mitume wakawaombea na kuwawekea mikono. Kwa kazi gani? Kwa kazi ya chakula, orodha na mizani.

Nilikisoma kisa hicho katika baraza la kanisa, na sikupata amani. Mzee mmoja aliyetoa magunia mawili alisema wazi, "Mchungaji, mali hii imetoka kwa Waanglikana. Waanglikana washibe kwanza." Wengine waliitikia. Nakiri kwamba kwa muda niliyumba, kwa maana mzee huyu ni mtu wa kutegemewa, na mwaka unaofuata tungehitaji mabati ya kanisa. Aliyetuokoa ni mjane mmoja wa Umoja wa Akina Mama, ambaye nyumba yake pia ilianguka. Alisema, "Usiku ule aliyenitoa majini hakuwa Mwanglikana. Andikeni jina lake kabla ya langu." Mzee wa magunia akainamisha kichwa, kikao kikaendelea.

Basi tukaanza upya, siku ya nane, tumechelewa. Madaftari matatu yakawa moja, la nyumba kwa nyumba: nani anaishi humo, mtoto mchanga yupo, mgonjwa yupo, mama mjamzito yupo, na kimepotea nini. Aliyewaandika watu wa uchochoro wa mwisho alikuwa mpangaji wa kule kule, kijana wa kibarua, kwa sababu yeye ndiye aliyejua nani hulala wapi. Kila asubuhi saa moja tulikutana chini ya mwembe, kanisa, msikiti, mzee wa mtaa, na mtu wa afya, tukaulizana: kimekuja nini, kinakwenda wapi, nani hajafikiwa. Haikuzidi nusu saa. Orodha ya vilivyoingia na vilivyotoka tuliibandika ukutani. Mtume Paulo alifanya jambo la namna hiyo alipowachangia watakatifu wa Yerusalemu. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa nane, anaeleza kwamba hakubeba fedha peke yake, walitumwa ndugu wengine pamoja nazo, ili asilaumiwe mtu.

Na kuna mambo yasiyongoja. Kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, na kabla ya wiki mbili kutimia kipindupindu kilikwisha kutangazwa huko. Maji ya mafuriko yakichanganyika na ya vyoo, blanketi haisaidii. Wanaofanya kazi ya maafa duniani wamekubaliana vipimo: lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20, au 50 pale mwanzoni mambo yakiwa bado magumu. Piga hesabu. Nyumba ya watu watano yahitaji lita 75, karibu mitungi minne ya lita ishirini. Sisi tulikuwa tumejaza stoo nguo za mitumba, na hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya mitungi wala dawa ya maji. Tena tuliona kwamba mtu akipoteza kitambulisho hawezi hata kutoa fedha alizotumiwa na ndugu yake kwa simu. Kumwandikia barua na kumsindikiza ofisini kwa chifu kulimfaa kuliko gunia la mahindi. Na shule iliyojaa watu waliohama ni shule isiyofundisha; kila nyumba tuliyoisaidia kusimamisha ukuta ilikuwa inarudisha darasa kwa watoto.

Vijana walilipwa kidogo kuzibua mitaro, wakapata cha kununua chakula kwa mikono yao wenyewe. Fundi seremala alipewa msumeno na randa badala ya unga. Nami nilimpelekea yule mama karai. Nilikwenda nalo mwenyewe, limefungwa gazetini, nikamwomba radhi pale pale sokoni aliponisikia nikimkemea. Alilipokea kwa mikono miwili, akalipindua, akaligonga kwa kidole kusikia kama ni zito, akasema, "Ahsante, Mchungaji. Na jiko?"

Hata hilo nililisahau. Lilipatikana wiki iliyofuata.

Daftari lile sasa halikai sandukuni kwangu. Linakaa kwa mzee wa mtaa, na kila mwaka mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, tunalipitia tena chini ya mwembe, maana wapangaji huhama na watoto huzaliwa. Mzee wa magunia ndiye mtunza hesabu. Na wewe unisikilizaye, ikiwa mtaani kwako kuna uchochoro wa mwisho, unaweza kwenda leo jioni kuuliza nani anakaa huko.

Tuombe.

Ee Baba, uliyewasikia wajane wa Yerusalemu wakati wengine hawakuwasikia, twakuletea watu wa Mto Tana na Garissa, watu wa Hanang, watu wa Beira, na watu wa uchochoro wa mwisho wa Port Reitz, ambao majina yao wayajua. Walinde watoto wao na maradhi ya maji. Uwape kazi za mikono yao. Utusamehe sisi tuliofunga madaftari yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.